Mbegu ya Kurudishia

Bi Asumini tulimzika mwezi uliopita hapa Kiranjeranje, baada ya sala ya adhuhuri, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona katika maziko ya mwanamke. Walitoka Pande, walitoka vijiji vya bondeni, na karibu wote walikuwa na neno moja mdomoni: huyu ndiye aliyetupa mbegu. Mtama tunaoulima huku, ule mwekundu wenye suke lililopinda, watu wanauita mtama wa Asumini, na watoto wengi hawajui kwamba Asumini alikuwa mtu. Wanaume waliporudi kutoka makaburini wakakaa barazani, na sisi wanawake tuliokuwa ndani tukawasikia. Mzee mmoja akasema, "Akiba haiozi. Mama huyu alijinyima, sisi tukala." Wenzake wakaitikia. Ndipo wanawake wakanigeukia mimi, kwa kuwa sasa hakuna mwingine aliyebaki wa wakati ule. "Bibi Somoe, wewe ulikuwa naye porini. Hebu tupe habari zake." Nikawapa. Niliwaeleza moto, pango, kibuyu cha mbegu, nikafika kwenye mavuno, nikanyamaza. Wakasema Mungu amlaze pema. Nikarudi kwangu nimechoka kama mtu aliyetwanga kutwa, na chakula cha jioni sikukigusa.

Nisingeandika lolote, maana nimeishi na jambo hili miaka hamsini na halijaniua. Aliyenichokoza ni mjukuu wangu Halima, ambaye yuko darasa la nne na anapenda kunisomea daftari lake nikiwa napepeta. Siku chache baada ya msiba alinisomea hivi: hapo kale watu hawakuwa na makao, waliwinda wanyama na kuchimba mizizi, walihamahama kama ndege, kisha wakagundua kilimo, wakajenga nyumba, wakastaarabika. Akaniuliza, "Bibi, kugundua maana yake ni kama mtu anapookota kitu njiani?" Nikamwambia amwulize mwalimu wake. Lakini nilikasirika, na hasira ya mzee ni kitu cha kipuuzi kwa sababu haina pa kwenda. Huyo aliyeandika maneno yale hajalala na njaa hata siku moja. Amepanga mambo kama ngazi: chini wajinga wanaochimba mizizi, juu werevu wenye ghala. Mimi nilishuka ngazi hiyo mpaka chini kabisa na kuipanda tena, yote kwa mwaka mmoja, mwaka uliofuata Vita vya Maji. Najua kilichoko juu na kilichoko chini. Kwa hiyo nachukua kalamu, naandika kwa herufi za Kiarabu, za chuo cha Kurani, nilizofundishwa ukubwani, na asiyeweza kuzisoma asinilaumu.

Vita sitavisimulia, waliovipigana wameshavisimulia. Niseme tu kwamba Wadachi, hao Wajerumani, walipoona watu hawamaliziki kwa risasi, waliwatuma askari kuchoma chakula. Walichoma ghala, walichoma mashamba yaliyokomaa, wakavunja hata vyungu. Kijiji chetu kiliungua asubuhi, na kufikia jioni nilikuwa njiani na mdogo wangu Tatu, sisi wawili tu, bila kujua waliobaki wamekimbilia wapi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita hivi, nimetoka unyagoni mwaka uliotangulia. Tatu alikuwa na miaka kumi, mwembamba, mwenye maneno mengi. Siku ya tatu tulimkuta mwanamke mtu mzima ameketi kando ya njia, amepakata kibuyu kilichozibwa mdomo kwa nta. Hatukumjua. Tulimwamkia, "Shikamoo mama," naye akajibu, "Marahaba wanangu," kisha akatuuliza kama tuna maji. Tulimpa. Akanywa, akasimama, akaanza kutembea, nasi tukamfuata bila kuambiwa. Ndivyo tulivyompata Bi Asumini.

Yeye ndiye aliyelijua lile pango. Lilikuwa kwenye kilima cha mawe, si mbali na hapa ninapoandikia, na mlango wake ulikuwa mdogo hata ikabidi tuingie kwa kuinama. Ndani palikuwa na nafasi kama ya vyumba viwili. Upande wa kulia jiwe lilikuwa limelainika kwa kulaliwa na watu ambao hatukuwajua, na juu yake dari ilikuwa nyeusi kwa moshi wa zamani sana. Tatu aliugusa ule weusi akanionyesha kidole. "Dada, nani alikuwa akipika hapa?" Sikujua. Sasa kila nikisikia habari za hao watu wa kale nawaza kidole cha Tatu. Bi Asumini alitafuta mzizi uliochomoza kwenye jiwe juu ya mafiga, akakitundika kibuyu chake hapo ili moshi ufukuze wadudu, na akatuambia neno moja tu: "Hiki si chakula." Tukaelewa. Ilikuwa mbegu ya mtama, yote aliyowahi kuitoa katika moto.

Pango lilikuwa na mwenyewe. Siku ya pili alitokea Mzee Chitanda, mwindaji na mrina asali, mtu ambaye watu wa vijijini walimjua kwa sababu kila mwaka alikuja na asali kuibadilisha kwa mtama. Walimcheka kwa kukosa shamba. Hakuwa na nyumba wala mke, na jembe hakuwahi kulishika. Alitukuta tumekaa kwenye mafiga yake, akatuangalia mmoja mmoja, akacheka mpaka akakohoa. "Mlikuwa mkiniuliza ghala langu liko wapi. Haya, ya kwenu yako wapi?" Bi Asumini hakucheka. Alisogea pembeni kumpisha kwenye moto, naye Chitanda akafungua mfuko wake wa ngozi, akatoa paja la ndezi, yule panya mkubwa wa porini, akalikata mapande manne sawasawa juu ya majani. Pande la Tatu lilikuwa kubwa sawa na lake mwenyewe. Mimi, mtu wa unyagoni niliyefundishwa nani anapewa nini na kwa utaratibu gani, niliona jambo hilo ni la ajabu. Kesho yake nilimwuliza kwa nini hakujiwekea kidogo. Akasema, "Nijiwekee wapi? Leo inanukia, kesho itanuka. Nikikupa leo, utanipa siku ukipata wewe." Alisema kama mtu anayeeleza kuwa maji hushuka mlimani.

Alitufundisha kula upya. Ming'oko, ile mizizi ya porini, tuliijua, nani wa pwani ya Lindi asiyeijua, lakini tuliijua kama kitu cha kutafuna watoto wanapochunga shamba. Yeye alitufundisha kuiona ikiwa chini ya udongo, kwa kufuata kamba yake kavu iliyonyauka juu ya vichaka, hata pale ambapo kamba imekatika. Tulichimba kwa miti tuliyoichonga ncha na kuichoma moto ili iwe migumu. Alitufundisha ndiga, kiazi cha porini chenye sumu: uimenye, uikate nyembamba, uiloweke katika maji yanayotembea siku tatu kamili, uionje kwa ncha ya ulimi, ukisikia inawasha uirudishe. Chakula chetu cha kila siku kilikuwa hicho, pamoja na mchicha wa porini, panya wa kutega, mabungo yalipoiva, na asali siku ambazo Tatu aliipata. Ndiyo, Tatu. Mtoto yule alikuwa na kipaji. Ndege wa asali akilia mtini, Tatu alimjibu kwa mluzi, wakaenda wakijibizana mpaka kwenye mzinga, na Chitanda akimfuata nyuma kwa fahari kama aliyemzaa yeye. Katika miezi ile mdogo wangu alinenepa. Nasema hivi kwa sababu watu wanapoambiwa "walikula mizizi" wanafikiri tulikuwa tukifa. Wengi walikufa, njia zilijaa mifupa, lakini walikuwa wale waliokaa kwenye majivu ya mashamba yao wakingoja. Sisi tulitembea. Kila baada ya siku nne tano tulihama, tukalala kwenye vibanda vya majani, tukalirudia pango, tukahama tena.

Kuna desturi moja ya Chitanda ambayo ningependa mwalimu wa Halima aisikie. Kila alipong'oa ming'oko alikata kichwa cha mzizi, pale kamba inapoanzia, akakirudisha shimoni, akakifukia na kukigandamiza kwa kisigino. Kila shimo, hata akiwa na haraka, hata askari wakiwa karibu. Siku moja Bi Asumini alisimama akamwangalia, akasema, "Mzee, kumbe unalima."

"Silimi. Namrudishia mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye ming'oko. Nikipita mwakani anipe tena."

"Mimi nikifanya hivyo hivyo unaniita mtumwa wa jembe."

Chitanda akatema mate pembeni kwa aibu, kisha akacheka. "Mimi nikishamrudishia naondoka. Wewe unamkalia kichwani, unamlinda, unamwambia wangu, wangu. Ndiyo tofauti." Nilikuwa nimebeba kikapu, nikayasikia yote, na nikayaona ni mabishano ya watu wazima wasio na kazi. Leo nayaona ndiyo mazungumzo makubwa kuliko yote niliyowahi kuyasikia. Hakuna aliyegundua kilimo. Kilikuwepo siku zote chini ya kisigino cha mtu anayepita. Kilichokuja baadaye ni kukaa.

Mvua zilipokaribia, pori la jirani likawa limekwisha. Ming'oko tuliyoirudisha ilikuwa bado haijafanya kitu, wanyama walikuwa wamehama, na hata panya walianza kuwa wajanja. Mchana mmoja nilikuwa nyuma ya jiwe namenya ndiga, nao walikuwa mlangoni mwa pango, hawakujua kuwa nasikia. Chitanda akasema, "Hapa pamekwisha. Twende kuelekea Rondo, kule juu kuna mizinga na kuna paa. Tukikaa tutakufa tukiangalia udongo."

Bi Asumini akajibu, "Nikitembea na mbegu hii, itakuwa uji kabla mwezi haujaandama."

"Basi ipike tule leo, kesho tuondoke wepesi."

"Na mwakani?"

"Mwakani ni nani? Umewahi kumwona?"

Kisha nikasikia sauti ya Bi Asumini, ya chini, ambayo sikuwahi kuisikia kabla wala baada. "Nimezika watoto watatu mwaka huu. Kama mbegu nayo itakufa mikononi mwangu, mimi niliishi kwa ajili gani?" Mimi niliendelea kumenya, nikajikata kidole.

Walipotuita, hawakutulazimisha. Bi Asumini alisema atabaki kupanda kwenye kibonde chini ya kilima, na kwamba mtu mmoja hawezi kulinda shamba peke yake dhidi ya nguruwe, ngedere na ndege. Chitanda alisema anaweza kumlisha yeyote anayeweza kutembea. Tatu alikuwa ameshasimama kabla hajamaliza. Mimi nilibaki. Watu wakisikia sehemu hii husema nilikuwa na moyo wa subira, nilimhurumia mama mtu mzima. Sivyo. Nilitaka mlango. Nilikuwa nimechoka kulala kila mahali na kuamka pengine, nilitaka nyumba yenye mlango ninaoweza kuufunga, na mafiga ambayo kesho nitayakuta pale pale. Nilitaka kitu cha kuita changu. Nilimwambia Tatu, "Utarudi mavunoni, nitakupikia ugali." Akasema, "Nami nitakuletea asali, lakini usiitie maji kama unavyofanya." Akaenda, akipiga mluzi njia nzima hata nilipokuwa simwoni tena. Hakuwahi kulala mbali nami hata siku moja tangu alipoachishwa ziwa.

Tulijenga kibanda. Bi Asumini alirudi kwenye majivu ya kijiji chake akachimbua jembe moja lisilo na mpini, likawa ndilo jembe letu, tukalima kwa zamu, mmoja akilima, mwingine akivunja madongoa kwa mti. Mlango wangu niliupata, wa fito na majani ya mwaa, na siku ya kwanza niliufunga na kuufungua kama mwendawazimu. Kisha nikaanza kujua bei yake. Njaa ya kutembea si kama njaa ya kukaa. Ukitembea unaitafuta ile kamba ya ming'oko iliyo mbele, akili ina kazi. Ukikaa, tumbo linakuwa ndilo jirani yako pekee. Tulikula ndiga tuliyoikausha, na majani, na siku nyingine maji ya moto yenye majani. Bi Asumini hakuwa mtu wa mazungumzo. Aliweza kupitisha siku nzima kwa maneno mawili, "Amka" na "Basi." Mimi nilikaa juu ya dungu, kile kitanda cha miti mirefu cha kulindia shamba, nikipiga kelele kufukuza kanga wanaofukua mbegu, na nilizoea sauti yangu mwenyewe hata nikawa naijibu. Nililia mara nyingi. Nilimkumbuka Tatu kwa namna ambayo nilihisi mkono mmoja mwepesi, kwa kuwa mkono huo ndio alioushika njiani siku zote.

Sasa nieleze mbegu ilivyogawanywa, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kwa watu wetu mbegu haipandwi yote. Mbili katika tatu huingia ardhini, na moja hubaki kibuyuni, nayo huitwa mbegu ya kurudishia. Jua likikausha machipukizi, au nguruwe wakiyang'oa, ndiyo hurudishiwa mahali palipo wazi. Mtu anayekula mbegu ya kurudishia, hata kama ni yake, watu hawamwiti mwenye njaa. Wanamwita mchawi. Mimi niliyajua hayo tangu utotoni, kama nilivyojua kutokojoa kisimani. Tulipanda, mvua ikanyesha siku tisa, mtama ukachipua vizuri mpaka Bi Asumini akaimba kidogo puani. Kisha mvua ikakatika. Siku ya kumi, ya kumi na tano, ya ishirini. Asubuhi nilipita kati ya mistari nikaona machipukizi yamejikunja, mengine yamekuwa rangi ya majani ya chai.

Wakati huo ndipo Chitanda aliporudi, peke yake, jua likiwa limepinda kidogo. Alikuwa amekonda, na miguu yake ilikuwa imejaa vumbi mpaka magotini. Aliweka chini paja zima la paa kabla hajasalimia, kama desturi ya wawindaji, anayefika hutoa kwanza. Tulimpa maji. Akasema, "Mtoto anaumwa. Tumbo. Nyama inamrudi, asali inamrudi, ndiga hata kuitazama hawezi. Nimemwacha na bibi mmoja karibu na kisima, mwendo wa siku moja na nusu. Bibi yule anasema akipata uji mwepesi wa mtama siku tatu nne, tumbo litashika." Alitazama mafiga, hakutazama juu. "Konzi moja. Siombi zaidi."

Kibuyu kilikuwa kimetundikwa ndani, juu ya moshi, kama kilivyokuwa pangoni. Bi Asumini alisema, "Mbegu yote iko ardhini, mzee. Shamba unaliona."

Nilikuwa nimekaa kizingitini. Chitanda alinigeukia, hakuniuliza kwa mdomo, aliniangalia tu, na mimi nikaangalia ule mguu wa paa. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichowahi kuficha katika maisha yangu. Porini hatukuwa na cha kuficha, kila kitu kingeoza. Mwindaji haombi mara mbili. Aliinuka, akasema atalitumia jua lililobaki, akatuachia paja lote. Bi Asumini alichukua kisu akaanza kulikata, akakosa kiungo mara mbili.

Nilimwambia naenda kuteka maji. Badala yake nilipita nyuma ya kibanda, nikaingia kwa mwanya wa ukuta tuliokuwa hatujaukandika, nikabandua nta, nikatia mkono. Nilitoa konzi moja, imejaa, nikaifumba. Nikakimbia. Nilikimbia katikati ya shamba, na Chitanda nilimwona mbele, amefika kwenye mteremko wa kijito, si mbali, hata ningemwita kwa sauti ya kawaida angesikia. Ili nimfikie ilibidi nikate mistari ile ya mtama. Nikatazama chini nisikanyage. Ndipo nilipoona jinsi palivyo wazi. Kutoka hapa hadi pale hakuna kitu, udongo mtupu, na hapa vitatu vimesimama, na kule tena utupu. Nikaanza kupiga hesabu ya mkulima. Konzi hii ni mistari mingapi? Mistari hiyo ni vinywa vingapi? Nilisimama kupiga hesabu hiyo, na nilipoinua macho Chitanda alikuwa ameshavuka kijito na miti imemfunika. Ningeweza bado kupaza sauti. Sikupaza. Nilirudi polepole, nikairudisha mbegu kibuyuni, nikaziba kwa nta ile ile. Jioni tulikula nyama ya paa. Ilikuwa tamu, na mimi nilikula mpaka nikashiba, maana mwenye njaa hana miiko.

Mvua ilirudi siku sita baadaye. Tukarudishia mbegu yote iliyokuwa kibuyuni, kila palipo wazi, na kati ya mtama tuliovuna mwaka ule sehemu kubwa ilitokana na mbegu hiyo ya pili. Hilo ni kweli, na lazima niliseme, kwa sababu nisiposema nitakuwa namsingizia marehemu. Alikuwa na haki. Mtama ulipotoa masuke, watu walianza kutoka porini mmoja mmoja, wakivutwa na moshi wetu, mifupa mitupu imevaa magome ya miti. Bi Asumini alimpa kila aliyefika konzi mbili, moja ya kupika na moja ya kupanda, akamwapisha kwamba mwakani atampa mwingine. Wakajenga karibu nasi. Ndivyo kijiji kilivyoanza, na ndivyo mtama ulivyofika Pande na kwingineko. Watu waliosema maneno yale barazani ni watoto na wajukuu wa konzi zile. Mimi na Bi Asumini tuliishi nyumba jirani miaka hamsini, tukapeana chumvi, tukauguzana, tukaleleana wajukuu. Jina la Tatu hakulitaja mbele yangu hata mara moja, wala mimi mbele yake. Sijui kama aliiona nta ilivyobanduliwa. Nadhani aliiona.

Chitanda alikuja mavuno yalipokuwa yanamalizika. Bi Asumini alikuwa shambani na wageni, mimi nilikuwa uani peke yangu natwanga. Nilimwona akitoka kwenye miti, nikatazama nyuma yake, nikaendelea kutazama nyuma yake hata alipofika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alikaa kwenye gogo. Safari hii hakuweka kitu chini. "Tulimzika siku ya tano tangu nilipotoka hapa. Bibi yule alimwosha vizuri. Amelala mahali penye kivuli."

Sikulia. Nilikuwa nimeshika mchi, nikaendelea kuushika. Alitazama mtama ulioanikwa uani, mwekundu, mwingi, umejaa majamvi mawili, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza njia:

"Siku ile nilipokuja, kibuyu kilikuwa kitupu?"

Ningeweza kumwambia. Alikuwa mtu pekee duniani niliyeweza kumwambia, na alikuwa amestahili. "Kilikuwa kitupu, mzee," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama aliyetuliwa mzigo. "Ndivyo nilivyomwambia mtoto. Nilimwambia, kina dada yako hawana hata punje, yote iko ardhini. Naye hakusikitika. Akasema, 'Najua, babu. Dada angekuwa nayo angekuja nayo mbio.'"

Nilimwambia asiondoke, chakula ki karibu, nikarudi kwenye kinu nikatwanga, kwa kuwa ametoka mbali na alikuwa na njaa.